Istilahi na Usanifu wa Tabo Ndogo ya Upepo Yenye Mhimili Wima: Mfano wa Mazingira ya Songea

IKISIRI

Makala haya yanaeleza kanuni za kusanifu na kuendeleza tabo ndogo ya upepo yenye mhimili wima, ya aina inayoweza kutengenezwa kwa vifaa vya karakana za kawaida mjini Songea. Sambamba na maelezo hayo, yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohitajika ili kazi hiyo ielezeke kwa usahihi. Hoja inayojengwa ni kwamba matatizo mengi yanayodhaniwa kuwa ya kiufundi huanzia katika lugha: pale neno moja linapobeba dhana tatu, fundi hushindwa kujua anachopaswa kupima. Inapendekezwa kwamba baadhi ya istilahi zichukuliwe kutoka katika lugha ya mafundi, na nyingine kutoka katika msamiati wa mabaharia wa Pwani, badala ya kutafsiriwa moja kwa moja kutoka lugha za kigeni.

1.0 UTANGULIZI

Mkoa wa Ruvuma ulichelewa kuunganishwa na gridi ya Taifa. Kwa muda mrefu mji wa Songea ulitegemea jenereta za dizeli na, katika miaka ya karibuni zaidi, umeme wa maporomoko ya Tulila katika Mto Ruvuma, mradi ulioendelezwa na Masista Wabenediktini wa Chipole. Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika Songea mwaka 2018. Tangu hapo hali ya mji imebadilika sana. Hata hivyo, kuna mashamba, vibanda vya kulinda mazao na makazi yaliyotawanyika ambako nguzo hazijafika, na ambako mahitaji ya kaya ni madogo: taa mbili tatu, redio, na kuchaji simu.

Kwa mahitaji ya kiwango hicho, tabo ndogo ya upepo ni miongoni mwa njia zinazofikiriwa. Tabo yenye mhimili wima huvutia zaidi kwa sababu umbo lake ni rahisi na sehemu zake nyingi hutengenezeka kwa kukata, kukunja na kuchomelea. Lakini maandishi yanayoeleza namna ya kuisanifu karibu yote yako katika lugha ambayo fundi wa kawaida haisomi kwa wepesi.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika mfano mashuhuri wa nchi jirani. William Kamkwamba, kijana wa Wimbe katika wilaya ya Kasungu nchini Malawi, aliacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, akatengeneza mtambo wa upepo kwa vipande vya baiskeli na vyuma chakavu. Mtambo wake ulikuwa wa mhimili mlalo. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba Kiingereza chake kilikuwa hafifu, hivyo alitegemea michoro ya kitabu cha maktaba na kubahatisha maana ya maneno yaliyoizunguka. Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa kipaji, na ndivyo kilivyo. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, ni ushahidi pia wa gharama: ni wangapi wenye mikono ya namna hiyo walioishia kwenye ukurasa wa kwanza?

Makala yamegawanyika katika sehemu kuu nne: usuli wa tabo hizi, istilahi za msingi, kanuni na usanifu wenyewe, na hatimaye upimaji pamoja na mipaka ya chombo.

2.0 USULI

Mitambo ya upepo yenye mhimili wima ni ya kale kuliko ile ya mhimili mlalo. Waajemi walisaga nafaka kwa mitambo ya aina hiyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na huko Nashtifan, kaskazini mashariki ya Iran, vinu vya udongo na mbao vya namna hiyo vingali vimesimama. Katika vinu hivyo, ukuta hujengwa kukinga upande mmoja ili upepo usukume mbao za upande wa pili tu.

Katika miaka ya 1920 yalizuka maumbo mawili ambayo hadi leo ndiyo msingi wa tabo zote za aina hii. La kwanza ni la Sigurd Savonius wa Finland: vikombe viwili virefu vya nusu mcheduara vilivyopangwa mfano wa herufi S. La pili ni la Georges Darrieus wa Ufaransa, aliyepata hataza ya Marekani mwaka 1931: mabawa membamba yanayouzunguka mhimili kwa kasi kubwa kuliko ya upepo wenyewe. Umbo la Darrieus lilifufuliwa na watafiti wa Kanada katika miaka ya 1960, kisha likaendelezwa na maabara ya Sandia ya Marekani. Kilele cha jitihada hizo kilikuwa tabo ya Éole huko Cap-Chat, Québec, yenye kimo cha mita 110, iliyofanya kazi kuanzia mwaka 1988 hadi 1993, ilipositishwa kwa hitilafu ya beringi.

Afrika Mashariki nayo imeingia katika nishati ya upepo, lakini kwa mitambo mikubwa ya mhimili mlalo. Kenya ilianza na vilima vya Ngong mwaka 1993, na shamba la upepo la Ziwa Turkana lina tabo 365 zenye uwezo wa jumla ya megawati 310. Nchini Tanzania, Mwenga katika wilaya ya Mufindi ilianza kuzalisha megawati 2.4 mwaka 2020. Mitambo hiyo huagizwa ikiwa imekamilika. Tabo ndogo inayozungumziwa hapa ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa msanifu, mtengenezaji na mtumiaji wanaweza kuwa mtu mmoja.

3.0 ISTILAHI ZA MSINGI

3.1 Kani, nishati na nguvu

Katika mazungumzo ya kawaida neno nguvu hutumika kwa dhana tatu ambazo fizikia huzitenganisha. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Upepo una nguvu, umeng'oa bati.
b. Betri imeisha nguvu.
c. Jenereta hii ina nguvu kuliko ile.

Katika (1a) kinachozungumziwa ni msukumo. Katika (1b) ni akiba inayoweza kufanya kazi. Katika (1c) ni kiasi cha kazi kinachofanyika kwa kila sekunde. Makala haya yanatumia kani kwa dhana ya kwanza, inayopimwa kwa niutoni. Nishati kwa ya pili, inayopimwa hapa kwa wati-saa. Na nguvu kwa ya tatu pekee, inayopimwa kwa wati. Utengano huu si anasa ya wasomi. Mtu anayeuziwa tabo "yenye nguvu ya wati 300" bila kuelezwa ni kwa upepo wa kasi gani, na bila kujua kwamba taa zake zitakula nishati ya usiku mzima, amenunua neno lililobeba maana mbili kwa bei ya maana moja.

3.2 Mhimili na shafti

Mhimili ni mstari wa kudhaniwa ambao kitu hukizunguka, kama vile dunia inavyozunguka katika mhimili wake. Shafti ni nondo au bomba halisi la chuma. Tofauti hii huwa na maana pale shafti inapopinda: mhimili haupindi, hivyo rota huanza kuyumba. Kwa sababu hiyo inafaa kusema "tabo yenye mhimili wima" lakini "shafti iliyopinda", wala si kinyume chake.

3.3 Panga, kikombe na bawa

Mafundi huita sehemu zinazokata hewa katika feni mapanga, na matumizi hayo yamehamia katika helikopta na mitambo ya upepo. Neno linafaa kwa tabo ya mhimili mlalo. Kwa tabo za mhimili wima halitoshi, kwa sababu linaficha tofauti ya kanuni. Umbo la Savonius hupokea upepo kama mtu anavyokinga maji kwa kata. Hivyo sehemu yake iitwe kikombe, chenye mdomo na mgongo. Umbo la Darrieus hukata hewa kama ndege. Hivyo sehemu yake iitwe bawa. Mara fundi anaposikia kikombe, anajua kwamba kina cha umbo ndicho cha kuangalia. Anaposikia bawa, anajua kwamba wembamba na ulaini wa uso ndio wenye kuamua.

3.4 Kani ya msukumo na kani ya ubavu

Hewa inapopita kwenye kitu hukiathiri kwa namna mbili. Kani inayofuata mwelekeo wa upepo inaweza kuitwa kani ya msukumo bila utata. Kani ya pili, inayofanya pembe mraba na mwelekeo wa upepo, ndiyo yenye tatizo. Istilahi yake katika lugha nyingi za Ulaya imetoka katika taaluma ya ndege na ina maana ya kuinua. Ikitafsiriwa hivyo, mwanafunzi hutazamia kuona kitu kikipanda juu, ilhali katika tabo yenye mhimili wima hakuna kinachoinuliwa: kani hiyo huvuta bawa kwa mlalo.

Kiswahili hakina haja ya kukopa kosa hilo. Mabaharia wa Pwani wamejua kwa karne nyingi kwamba jahazi halisukumwi tu na upepo wa nyuma. Kwa kupiga bisho huweza kusonga hata kuelekea upande unakotoka upepo, kwa sababu tanga hupata kani kutoka ubavuni. Kwa msingi huo inapendekezwa istilahi kani ya ubavu. Kadhalika, nusu ya mzunguko iliyo upande unakotoka upepo iitwe nusu ya joshi, na ile iliyo upande unakokwenda upepo iitwe nusu ya demani, kama mabaharia wanavyozitaja pande za chombo.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba Songea si Pwani, na kwamba joshi na demani ni maneno mageni kwa mkazi wa bara. Pingamizi hilo ni la kweli kwa sehemu. Lakini istilahi yoyote ya kitaaluma hufundishwa. Swali ni ipi hufundishika kwa urahisi zaidi. Neno lenye historia ndani ya lugha huja na mfano wake wa kuonyeshea, na hata mkoa huu una mwambao wake wa maji katika Ziwa Nyasa.

4.0 KANUNI ZA UTENDAJI

4.1 Nguvu iliyomo katika upepo

Nguvu ya upepo unaopita katika eneo fulani ni nusu ya zao la densiti ya hewa, eneo hilo, na kasi ya upepo kwa kipeo cha tatu. Kwa tabo yenye mhimili wima, eneo linalokabili upepo ni kimo cha rota mara kipenyo chake.

Mambo mawili hufuata. Kwanza, densiti hupungua kadiri mtu anavyopanda. Kwenye usawa wa bahari, densiti ya kawaida huchukuliwa kuwa kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa huo, na kwa joto la nyuzi 21 za Selsiasi densiti huwa karibu na 1.05. Hivyo, upepo wa kasi ileile huwa na nguvu pungufu kwa takriban asilimia 14 kuliko upepo wa Pwani. Vipimo vilivyoandikwa na watengenezaji wa nje kwa kawaida havikuzingatii hilo.

Pili, kipeo cha tatu hutawala kila kitu. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Kwa sababu hiyo wastani wa kasi peke yake hupotosha. Chukua siku ambayo upepo huvuma kwa mita 4 kwa sekunde saa zote, na nyingine ambayo huvuma kwa mita 2 nusu ya siku na mita 6 nusu iliyobaki. Wastani ni uleule. Lakini wastani wa vipeo vya tatu katika siku ya kwanza ni 64, na katika siku ya pili ni 112. Yaani siku ya pili ina nishati zaidi kwa asilimia 75.

4.2 Kikomo cha Betz na ufanisi wa maumbo

Mwaka 1919 Mjerumani Albert Betz alionyesha kwamba rota haiwezi kutwaa zaidi ya sehemu 16 kwa 27, yaani asilimia 59.3, ya nguvu ya upepo. Sababu yake inaeleweka bila hesabu: hewa iliyonyang'anywa nishati yote ingesimama nyuma ya rota na kuizuia hewa nyingine kupita.

Rota ya Savonius hufanya kazi zaidi kwa kani ya msukumo. Mdomo wa nusu mcheduara hupokea kani takriban maradufu ya ile inayopokelewa na mgongo wake, na tofauti hiyo ndiyo inayozungusha. Kwa kuwa mgongo daima unarudi dhidi ya upepo, hasara haiepukiki. Ufanisi wa asilimia 15 kwa chombo cha karakana ni makadirio ya haki. Ncha zake huzunguka kwa kasi inayokaribia ile ya upepo.

Rota ya Darrieus hutumia kani ya ubavu na yaweza kufikia ufanisi wa zaidi ya asilimia 30 ikisanifiwa vyema. Ina kasoro mbili. Mara nyingi haiwezi kuanza kuzunguka yenyewe, kwa sababu kani ya ubavu yenye manufaa hupatikana baada ya bawa kuwa na kasi ya kutosha. Aidha, kila bawa hupokea kani kutoka upande mmoja likiwa nusu ya joshi, na kutoka upande wa pili likiwa nusu ya demani. Kwa mizunguko 200 kwa dakika, saa nane huleta mageuzo 96,000 ya namna hiyo. Chuma hakivunjiki kwa kubebeshwa mzigo mkubwa tu. Huvunjika pia kwa kukunjwa na kukunjuliwa.

Kwa fundi anayeanza, hitimisho ni kwamba Savonius, japo hupata kidogo, husamehe makosa. Darrieus hupata zaidi lakini hudai usahihi ambao karakana nyingi hazina vipimo vyake. Usanifu unaofuata unahusu Savonius.

5.0 USANIFU WA TABO YA MAPIPA

5.1 Rota

Malighafi inayofaa ni pipa la chuma la lita 200, lenye kipenyo cha takriban sentimita 57 na kimo cha takriban sentimita 88. Pipa moja likipasuliwa kwa urefu hutoa vikombe viwili. Vikombe hivyo havigusani katikati. Kila kimoja huingia ndani ya eneo la mwenzake kwa kiasi cha sentimita 9, na kuacha uwazi unaopitisha hewa kutoka kikombe kinachosukumwa hadi nyuma ya kile kinachorudi. Hewa hiyo hupunguza ukinzani wa kurudi. Kipenyo cha rota huwa 57 + 57 − 9, yaani sentimita 105.

Pipa la pili hufungwa juu ya la kwanza likiwa limegeuzwa kwa pembe mraba. Sababu ni ya msingi. Rota ya ngazi moja ina pembe fulani ambazo upepo ukiikuta hapo haianzi kuzunguka. Ngazi ya pili huondoa pembe hizo, na pia husawazisha mvuto wa mzunguko. Kimo cha jumla huwa mita 1.76, na eneo linalokabili upepo ni mita za mraba 1.85. Sahani za chuma au plaiwudi ngumu huwekwa juu, kati na chini ili hewa isitoroke kwenye kingo.

Jedwali 1 linaonyesha matarajio kwa densiti ya 1.05, ufanisi wa rota wa asilimia 15, ufanisi wa jenereta na usafirishaji wa asilimia 60, na ncha zinazozunguka kwa 0.8 ya kasi ya upepo.

Jedwali 1: Makadirio ya utendaji wa rota ya mapipa mawili

| Kasi ya upepo (m/s) | Nguvu ya upepo (wati) | Kwenye shafti (wati) | Umeme (wati) | Mizunguko kwa dakika |
|---|---|---|---|---|
| 3 | 26 | 3.9 | 2.4 | 44 |
| 4 | 62 | 9.3 | 5.6 | 58 |
| 5 | 121 | 18.2 | 10.9 | 73 |
| 6 | 210 | 31.5 | 18.9 | 87 |
| 8 | 497 | 74.6 | 44.8 | 116 |

Ikumbukwe kwamba haya ni makadirio ya hesabu, si matokeo ya majaribio. Kazi ya sehemu ya 6.0 ni kuonyesha namna ya kuyahakiki.

5.2 Shafti na beringi

Mapipa mawili huwa na uzito wa takriban kilo 40 kabla ya shafti na sahani kuongezwa. Beringi ya chini hubeba uzito wote huo, ilhali ya juu huzuia shafti isiyumbe. Kwa hiyo haifai kutumia beringi mbili za aina moja bila kufikiri. Habu ya gurudumu la mbele la gari dogo, pamoja na beringi zake, hufaa chini, kwa kuwa imesanifiwa kubeba mizigo ya pande mbili. Kabla ya kusimikwa, rota ilazwe juu ya kingo mbili zilizo sawa: upande mzito utashuka wenyewe, na uzito mdogo uongezwe upande wa pili mpaka rota itulie popote inapoachwa.

5.3 Jenereta

Hapa ndipo miradi mingi hukwama. Alteneta ya gari huhitaji mizunguko inayozidi 1,000 kwa dakika ili ichaji, tena hula umeme wa betri kutengeneza usumaku wake. Dainamo ya baiskeli ni ndogo mno. Ikilinganishwa na mizunguko 58 iliyomo katika jedwali, pengo ni dhahiri.

Suluhisho linalofaa ni jenereta ya sumaku za kudumu isiyo na kiini cha chuma katika koili zake: sahani mbili zenye sumaku huzunguka pande mbili za koili zilizogandishwa katika rezini. Kwa kuwa koili hazina chuma, sumaku hazizing'ang'anii, na rota huanza kuzunguka hata kwa upepo dhaifu. Jambo hili lina uzito kwa sababu katika upepo wa mita 4 kani ya mzunguko kwenye shafti ni takriban niutoni-mita 1.5 tu. Mnyororo wa baiskeli wenye gia ya meno 44 kwenye rota na gia ya meno 16 kwenye jenereta huongeza mizunguko mara 2.75, yaani kutoka 58 hadi 160 kwa dakika. Volteji hulingana na mizunguko pamoja na idadi ya mizingo ya waya. Mizingo ikiongezwa, chaji huanza mapema, lakini waya unapaswa kuwa mwembamba zaidi, na upotevu kwa joto huongezeka.

Umeme huo hupitishwa katika dayodi ili uchaji betri ya volti 12. Tofauti na paneli ya jua, tabo haiachwi bila mzigo: betri ikijaa na waya ukakatwa, rota hukimbia ovyo. Kidhibiti chaji chake lazima kielekeze umeme wa ziada kwenye koili ya joto.

5.4 Mlingoti na usalama

Rota ya Savonius haiwezi kukunjwa kama tanga wakati wa dhoruba. Kwa upepo wa mita 25 kwa sekunde, kani juu ya rota hii hufikia takriban niutoni 730, sawa na uzito wa mtu wa kilo 74 anayening'inia kwa mlalo juu ya mlingoti. Mlingoti wa mita sita bila waya za kuushikiza utapata mzigo mkubwa sana kwenye kitako. Waya nne zilizofungwa kwenye vigingi vilivyozikwa kwa zege, pamoja na breki ya kufunga rota, ni mambo ya lazima.

Mlingoti mfupi, kwa upande mwingine, ni uchumi wa uongo. Kwa uwanja wenye vichaka na nyumba chache, kasi ya upepo kwenye kimo cha mita tatu huweza kuwa asilimia 79 ya ile ya mita kumi. Ikipandishwa kipeo cha tatu, nguvu hubaki chini ya nusu. Dai kwamba tabo ya mhimili wima "haihitaji mlingoti" limetokana na kuchanganya mambo mawili: haihitaji kugeuzwa kuelekea upepo, lakini inauhitaji upepo kama tabo nyingine yoyote.

6.0 UPIMAJI NA UENDELEZAJI

Usanifu hukamilika kwa kupimwa. Kipimo cha kwanza ni cha mahali. Songea ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na kipindi kirefu cha kiangazi ambacho pepo za kusini mashariki hutawala. Mgongo wa kilima kama vile Matogoro hauna upepo sawa na bonde lililo chini yake. Kipimaupepo rahisi kiwekwe kwenye kimo cha mlingoti uliokusudiwa, na kasi iandikwe kila saa, si wastani wa siku tu, kwa sababu iliyoelezwa katika 4.1.

Kipimo cha pili ni cha rota. Kamba huzungushwa kwenye puli iliyo kwenye shafti, na kila ncha yake hufungwa kwenye mizani ya springi. Tofauti ya mizani mbili, ikigeuzwa kuwa niutoni na kuzidishwa kwa nusu kipenyo cha puli, hutoa kani ya mzunguko. Hiyo ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko katika radiani kwa sekunde, nguvu ya shafti hupatikana. Nguvu hiyo ikigawanywa kwa nguvu ya upepo wa wakati uleule, ufanisi halisi hujulikana.

Kuendeleza ni kubadili jambo moja kwa wakati mmoja: uwazi wa katikati, ukubwa wa sahani, uwiano wa gia. Fundi aliyebadili mambo matatu kwa pamoja na kupata nafuu hajui amshukuru nani. Taasisi kama VETA na SIDO, ambazo zote zipo mkoani, zina nafasi ya kufanya vipimo hivi kuwa sehemu ya mafunzo. Daftari la vipimo hivyo, likiandikwa kwa Kiswahili chenye istilahi thabiti, litasomeka na fundi wa Mbinga au Tunduru bila mkalimani.

7.0 MIPAKA YA CHOMBO

Haifai kuisifu tabo hii kupita kiasi. Kwa upepo wa mita 4 usiokoma, hutoa takriban wati-saa 134 kwa siku: taa tatu za wati 5 kwa saa tano na simu mbili, kukiwa na akiba kidogo kwa upotevu wa betri. Paneli ya jua ya wati 50, kwa jua kamili la saa nne na nusu, hutoa karibu wati-saa 225 bila beringi wala mlingoti. Tabo ya mhimili mlalo yenye eneo lilelile, ambayo kipenyo chake ni mita 1.5 tu, huweza kutoa maradufu kwa chuma kidogo zaidi.

Nafasi ya tabo ya mapipa, basi, ni pale inaposaidiana na jua kwa kuzalisha usiku na siku za mawingu. Pale malighafi ni chakavu na kazi ni ya mwenyewe. Na pale lengo ni kufundisha. Mahali penye upepo wa mita 3, jedwali linaonyesha wati 2.4: hapo jibu la kitaalamu ni kutoijenga.

8.0 HITIMISHO

Makala yameonyesha kwamba usanifu wa tabo ndogo yenye mhimili wima unaweza kuelezwa kwa Kiswahili kuanzia kanuni hadi boliti ya mwisho. Kazi ya istilahi za sayansi haikuanza leo: kamusi ya TUKI ya biolojia, fizikia na kemia ilitoka mwaka 1990. Kilichobaki ni kuzitoa istilahi katika kamusi na kuzitia katika maandishi yanayofanya kazi, na kuzipima huko.

Kigezo cha istilahi bora, kwa mujibu wa mjadala huu, ni kama inamwezesha mtumiaji kutenda na kukosoa. Anayejua tofauti ya nguvu na nishati atamwuliza muuzaji swali la pili. Anayejua kikombe na bawa hatakunja bati kwa umbo la bawa na kutarajia lisukumwe kama kikombe. Na anayeweza kusoma jedwali kwa lugha yake mwenyewe ana uwezo wa kufikia uamuzi ambao michoro peke yake haiwezi kumpa, yaani kujua ni wapi tabo ijengwe na ni wapi isijengwe.